Puto lililoipita Turkana

Wiki chache zilizopita safu hii ilipokea barua kutoka Lodwar. Aliyeiandika ni mama wa watoto wanne, na mkubwa wao ni binti wa miaka 14 ambaye, kwa maneno ya mama mwenyewe, anapenda vitabu kuliko chakula. Binti huyo alileta nyumbani kitabu cha Kiingereza kutoka maktaba ya shule, kimoja kati ya vile vinavyokuja kwa maboksi kutoka ng'ambo. Alikisoma siku mbili mfululizo, na kila jioni akawa anawasimulia wadogo zake habari za Wazungu watatu wanaoruka angani ndani ya kapu. Siku ya tatu alikifunga, akakitia kwenye mkoba, na hakutaka kusema neno. Mama alipokichukua na kutafuta mahali binti alipofikia, akakuta ukurasa ambao watu weusi wanafananishwa na nyani. Swali lake kwetu ni fupi. Je, amwambie binti amalize kitabu, au akirudishe shuleni na kumlalamikia mwalimu?

Nimekiweka kitabu hicho mezani ninapoandika. Jina lake, ukiligeuza kwa Kiswahili, ni Wiki Tano Ndani ya Puto. Kwa Kifaransa kinaitwa Cinq semaines en ballon, na mwandishi wake ni Jules Verne, yule yule wa safari ya kuizunguka dunia kwa siku 80 na ya nyambizi iliyosafiri maelfu ya maili chini ya bahari. Wengi wetu tunamjua kwa hivyo viwili, au kwa filamu zilizotokana navyo. Hiki cha puto hakitajwi sana, ingawa ndicho kilichomtoa gizani, na ingawa safari yake ya puto inaanzia hapa kwetu, katika kisiwa cha Unguja.

Kabla ya kumjibu mama huyu ni vizuri tumjue mtu tunayemzungumzia. Verne alizaliwa mwaka 1828 mjini Nantes, Ufaransa. Baba yake alikuwa wakili na alitaka mwanawe awe wakili pia. Kijana alisoma sheria Paris na kufaulu, lakini moyo wake ulikuwa kwenye michezo ya kuigiza. Alipooa, mahitaji ya nyumba yakamlazimisha kufanya kazi katika soko la hisa, huku akiamka alfajiri kuandika kabla ya kwenda kazini. (Wazazi mnaowalazimisha watoto wenu kusomea msichokuwa nacho ninyi, haya yalikuwapo zamani.) Mwaka 1862 alipeleka mswada kwa mchapishaji Pierre-Jules Hetzel. Kitabu kikatoka Januari 1863, wiki moja hivi kabla mwandishi hajatimiza miaka 35, kikanunuliwa kwa wingi, na kutoka hapo Verne hakurudi tena kwenye hisa. Vilifuata vitabu zaidi ya 50 hadi alipofariki mwaka 1905.

Na sasa hadithi yenyewe. Daktari Samuel Fergusson, Mwingereza, anaamua kuikata Afrika kutoka mashariki hadi magharibi bila kukanyaga ardhi, isipokuwa pale anapotaka. Anamchukua rafiki yake Dick Kennedy, Mskoti mpenda kuwinda asiyeamini hata kidogo kwamba jambo hili linawezekana, na mtumishi wake Joe, ambaye anaamini kila kitu bwana wake anachosema. Wanaletwa na meli hadi Unguja, wakilizunguka Rasi ya Tumaini Jema. Pale Unguja wenyeji wanakasirika. Wanasikia kwamba wageni wanataka kupanda kwenda kwenye jua na mwezi, na wanaona hilo ni kufuru. Basi puto linajaziwa hewa kwenye kisiwa kidogo cha pembeni chini ya ulinzi wa mabaharia, na tarehe 18 Aprili 1862 linapaa kuelekea bara.

Ujanja wa Fergusson ndio uti wa mgongo wa kitabu. Puto la kawaida halina usukani. Huenda upepo unakokwenda. Lakini pepo za angani hazielekei upande mmoja. Chini unaweza kuvuma wa kaskazini, na juu yake kidogo ukavuma wa magharibi. Kwa hiyo, akasema daktari, mtu akiweza kupanda na kushuka apendavyo, atatafuta upepo unaomfaa kama vile abiria anavyochagua matatu kituoni. Tatizo ni kwamba kupanda kunadai kutupa mizigo, na kushuka kunadai kuachia hewa, na vyote viwili huisha. Fergusson akabuni mtambo wa kupasha moto hewa ya haidrojeni iliyomo ndani ya puto: ikipata moto inatanuka na chombo kinapanda, ikipoa kinashuka. Moto kando ya haidrojeni! Fundi yeyote wa kuchomelea vyuma atakuambia kwamba Fergusson wa kweli asingefika hata Bagamoyo. Lakini Verne anakueleza kwa tarakimu nyingi, uzito wa kila kitu, ratili kwa ratili, hadi unajikuta umekubali.

Kisha yanakuja mambo ambayo yalimfanya binti wa Lodwar asahau kula. Nanga ya puto inanasa kwenye pembe ya ndovu, na ndovu anakimbia nyikani akiliburuta puto kama kishada. Mjini Kazeh, yaani Tabora ya leo, watu wanadhani puto ni mwezi ulioshuka, na abiria wake ni watoto wa mwezi. Daktari anaitwa kumtibu mtawala aliyelewa pombe miaka mingi, na mambo yanakwenda vizuri mpaka mwezi wenyewe unapochomoza, ikawa kuna miezi miwili angani na waongo watatu ardhini. Wanavuka ziwa Nyanza, wanaifuata Nile. Wanamwokoa padri Mfaransa aliyekuwa anateswa; anafia mikononi mwao, nao wanamzika mahali ambapo mawe yamejaa dhahabu. Joe anajaza kapu mawe hayo, kisha, kila puto linapohitaji kupanda, analazimika kuitupa dhahabu yake kipande kwa kipande. Mimi hucheka kila ninapofika hapo.

Sehemu inayonigusa zaidi ni ya kiu. Katikati ya jangwa upepo unakufa. Puto linaning'inia mahali pamoja siku baada ya siku. Maji waliyobakiza ndiyo hayo hayo mtambo unayoyahitaji, kwa hiyo kila kikombe wanachokunywa ni mwendo wanaoupoteza. Verne aliandika kurasa hizo akiwa Paris, mji wenye mto katikati yake. Hata hivyo msomaji wa Lodwar, ambaye amewahi kuwaona akina mama wakifukua mchanga wa mto mkavu hadi shimo liwazidi kimo, hatapata kosa kubwa katika maelezo yake ya namna kiu inavyombadilisha mtu tabia.

Lakini tusimkimbie mama na swali lake.

Ukurasa uliomfunga binti uko katika sehemu ya kwanza ya kitabu. Kennedy na Joe wameshuka kuwinda, na daktari amebaki na puto. Wanasikia milio ya bunduki, wanarudi mbio, wanaona kundi jeusi limelizunguka puto na wengine wanapanda mti uliofungiwa nanga. Wanadhani ni wenyeji. Wanafyatua risasi. Mmoja anaanguka, na ndipo inapobainika kuwa ni nyani. Mpaka hapo ni kioja cha kawaida. Linaloumiza ni maongezi yanayofuata, pale wasafiri wanapofanya mzaha kwamba kwa mbali tofauti si kubwa, na mtumishi akaongeza kwamba hata kwa karibu. Hakuna mtu katika kitabu anayemkanya. Mwandishi mwenyewe hatii neno. Mbele zaidi, kwenye nchi za Nile ya juu, kuna vita vya makabila mawili ambapo mkuu mmoja anakata mkono wa adui na kuula, huku wageni wakitazama kutoka kapuni.

Sitamtetea Verne. Wako wanaosema alikuwa mtu wa zama zake, na kwamba karne ile Ulaya yote ilisema hivyo. Ni kweli ilisema hivyo. Lakini binti wa Lodwar si mtu wa zama zile, na mzaha umemfikia leo, chumbani kwake, na maumivu yake ni ya leo. Aliyefunga kitabu alikuwa na haki ya kukifunga.

Linalofaa kuulizwa ni alijuaje. Verne hakuwahi kufika Unguja, wala Tabora, wala Nyanza. Alijifungia maktaba na vitabu vya Burton na Speke, waliofika Tabora mwaka 1857, na cha Mjerumani Barth aliyezunguka Sahara na Timbuktu, akavichanganya na ramani. Ramani ile ilikuwa na madoa meupe, na ilikuwa mbinu yake kuyajaza. Mahali alipokuwa na habari, kama umbali na nyuzi za latitudo, alikuwa makini kuliko waandishi wengi. Mahali asipokuwa nazo, palipohitaji mtu na si kipimo, aliweka kichekesho. Chukua watu wa Tabora. Wafanyabiashara wake wakati huo walijua bei ya pembe Unguja na bei ya kaniki sokoni kwao, walipokea barua kutoka pwani, na Burton alikaribishwa huko na tajiri mmoja wa Kiarabu, Snay bin Amir, aliyemfundisha mengi. Leo ungewaambia watu hao kwamba mwezi umetua uwanjani, nadhani jambo la kwanza wangefanya ni kudai hongo ya kupita.

Kuna jambo moja la ajabu ambalo lazima nimpe Verne haki yake. Ndani ya kitabu, puto linafika kwenye chanzo cha Nile mwezi wa Aprili 1862. Speke wa kweli alikuwa wakati huo huo njiani, akitembea kwa miguu, na alifika kwenye maporomoko ya Jinja tarehe 28 Julai 1862. Kitabu kilipotoka madukani Paris, habari za Speke zilikuwa bado hazijafika Ulaya. Wasomaji wa kwanza wa Verne, kwa hiyo, walijibiwa swali kubwa la jiografia la zama zile na mtu wa kubuni, kabla mtu wa kweli hajafika posta. Na jibu, kwa jumla, lilikuwa sahihi.

Na Turkana je? Hapa ndipo ninapopenda kumwomba binti achukue atlasi. Puto lilipotoka Nyanza lilielekea kaskazini na Nile, kisha upepo ukalisukuma magharibi mpaka ziwa Chad, Timbuktu, na mwisho mto Senegal, ambako safari inakoma tarehe 24 Mei. Lodwar na Kakuma zilibaki mkono wa kulia, nyuma ya upeo wa macho. Hazimo kitabuni kwa sababu hazikuwamo kwenye ramani yoyote ambayo Verne angeweza kuifungua. Ziwa lenyewe, lile ambalo Waturkana waliliita Anam Ka'alakol na kuvua samaki wake, liliingizwa kwenye ramani za Ulaya mwaka 1888, miaka 25 baada ya kitabu, pale msafara wa Samuel Teleki na Ludwig von Höhnel ulipolifikia. Wakalipa jina la mwana wa mfalme wao, Rudolf, na likabaki nalo hadi mwaka 1975. Aliyewasaidia kufika alikuwa Mswahili, Jumbe Kimemeta wa Pangani, mfanyabiashara wa pembe aliyekuwa ameongozana na misafara ya bara kabla yao. Ukiuliza wanafunzi kumi nani alilifikia ziwa hilo, wataanza na Teleki. Sijui ni wangapi watamtaja Kimemeta.

Ni hasara kwa Verne kwamba hakujua Turkana, kwani asingepata mahali bora pa kupeleka puto. Kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya kuna kama ujia, na upepo wa kusini-mashariki ukiingia humo hubanwa na kuongeza kasi, hasa usiku hadi asubuhi. Wataalamu wa hali ya hewa wanaupa upepo huo jina la Turkana yenyewe. Ng'ambo ya ziwa, upande wa Marsabit, karibu na Loiyangalani, kumesimamishwa mitambo 365 ya kuvuna upepo huo, yenye uwezo wa megawati 310. Ilianza kuingiza umeme kwenye gridi ya taifa mwaka 2018 na ikazinduliwa rasmi mwaka 2019. Fergusson angepanda kapuni Lodwar usiku na kuamka Sudan Kusini.

Nitakuambia kwa nini habari hizi za kutazamwa kutoka juu hazijapitwa na wakati. Mwezi Septemba mwaka 2013 serikali na shirika la UNESCO walitangaza kwamba chini ya ardhi ya Turkana kuna ziwa la maji, kubwa kupita kiasi, hasa katika bonde la Lotikipi, kaskazini ya Kakuma. Aliyeyaona maji hayo, tena kutoka angani, alikuwa Mfaransa: mtaalamu wa miamba Alain Gachet, ambaye kampuni yake ilichanganya picha za setilaiti na rada na ramani za miamba ili kukisia mahali maji yalipojificha. Makadirio ya Lotikipi yalikuwa mita za ujazo bilioni 200. Magazeti ya dunia nzima yakaandika kwamba kiu ya Turkana imekwisha, na mengine yakaongeza kwamba Kenya nzima itakunywa kwa miongo. Gachet hakuwa mwongo. Maji yalikuwapo, na uchimbaji wa majaribio uliyakuta. Lakini yalipopimwa zaidi katika miaka iliyofuata, ya Lotikipi yakaonekana yana chumvi nyingi mno kunywewa bila kusafishwa kwa gharama kubwa. Setilaiti huona mengi. Haionji.

Na kuna puto jingine. Julai 2020 kampuni ndugu ya Google iitwayo Loon, pamoja na Telkom Kenya, ilianza kutoa huduma ya intaneti kwa maputo yaliyoelea kama kilomita 20 juu ya vichwa vyetu. Unajua maputo hayo yaliendeshwaje? Hayakuwa na injini ya kuyasukuma. Yalipanda na kushuka, yakitafuta upepo unaoelekea yalikotaka kwenda. Daktari Fergusson angesimama na kupiga makofi! Orodha ya maeneo yaliyohudumiwa ilikuwa ya magharibi na katikati ya Kenya: Iten, Eldoret, Baringo, Nakuru, Kakamega, Kisumu, Kisii, Bomet, Kericho, Narok. Turkana ikapitwa mara ya pili. Januari 2021 kampuni ikatangaza kufunga kazi, kwa sababu gharama hazikushuka kama ilivyotarajiwa.

Kakuma nayo ina kisa chake na waandishi wa mbali. Kwa miaka mingi, vitabu na magazeti ya nje yamekuwa yakirudia kwamba neno Kakuma, kwa Kiswahili, maana yake ni mahali pasipo popote. Wewe unayesoma ukurasa huu unajua Kiswahili. Umewahi kulisikia neno hilo likitumiwa hivyo? Kamusi hazina. Mtu mmoja aliandika, mwingine akanakili, na mji uliokuwapo na jina lake kabla ya kambi ukageuzwa kuwa utupu kwa lugha ambayo haikuhusika. Nyani wa Verne na utupu wa Kakuma, kwa maoni yangu, ni ndugu wa tumbo moja: vyote viwili vimetoka kwa mtu aliyekuwa juu mno kuweza kuuliza.

Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni kama kilomita 120 kwa barabara ya kwenda Lokichoggio. Kambi ilianzishwa mwaka 1992, na leo Kakuma pamoja na makazi ya Kalobeyei ina watu zaidi ya 250,000 waliotoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi, Ethiopia na kwingineko. Walioifungua walikuwa hasa vijana wa Sudan ambao historia yao ya safari inaishinda ya puto. Walikimbia vita mnamo mwaka 1987, wengi wao watoto, wakatembea hadi Ethiopia. Mwaka 1991 serikali ya Ethiopia ilipoanguka wakatimuliwa, wakarudi Sudan kwa kuvuka mito, kisha wakatembea tena hadi Kenya. Mwanafunzi wa Kakuma ambaye wazazi wake walitoka upande wa Juba, akifungua sura za Nile katika kitabu hiki, anasoma habari za nchi ya bibi yake. Gondokoro inayotajwa humo iko karibu na Juba yenyewe. Huyo naye anahitaji jibu, si binti wa Lodwar peke yake.

Nami ningependa awajue watu wengine wawili watatu waliopita njia zile zile bila kapu. Wa kwanza ni Sidi Mubarak Bombay. Alikuwa Myao, akatekwa utotoni na kuuzwa India, akarudi Afrika Mashariki baada ya bwana wake kufa. Mwaka 1857 Burton na Speke walimwajiri. Alikwenda nao Tanganyika, akawa na Speke alipoliona Nyanza mwaka 1858, akarudi na Speke na Grant katika safari ya Nile, akaongozana na Stanley kumtafuta Livingstone mwaka 1871, na kuanzia mwaka 1873 hadi 1875 alitembea na Cameron kutoka pwani ya Bagamoyo mpaka bahari ya Atlantiki, Angola. Yaani ile safari ya mashariki kwa magharibi ambayo Verne aliibuni kwa wiki tano, Bombay aliifanya kwa miguu kwa zaidi ya miaka miwili. Jumuiya ya Jiografia ya London ilimpa nishani na malipo ya uzeeni. Alifariki mwaka 1885.

Mwingine ni Hamed bin Muhammed, Tippu Tip, ambaye aliandika maisha yake kwa Kiswahili. Si mtu wa kupigiwa mfano, biashara yake ilikuwa ya pembe na watumwa, lakini mtoto akitaka kujua watu wa pwani na wa bara walizungumzaje, walipatanaje bei na waligombanaje, atayapata humo. Pia iko ile mikusanyo ya safari za Waswahili iliyochapishwa Ujerumani mwaka 1901, Safari za Wasuaheli, ambamo wasafiri wa kwetu wanaeleza wenyewe walivyokwenda bara, na mmoja wao, Selim bin Abakari, alivyofika hadi Urusi na Siberia. Huyu wa mwisho nampenda sana. Anawatazama Wazungu kwa jicho lile lile la mgeni, ila yeye alikuwa amesimama chini, kwenye theluji, pamoja nao.

Niseme pia kwamba puto la Verne liliwahi kuruka kweli. Mwaka 1962, miaka 100 kamili baada ya Fergusson, Mwingereza Anthony Smith aliondoka Unguja kwa puto la haidrojeni lililoitwa Jambo, akiwa na wenzake Douglas Botting na Alan Root, wakavuka bahari hadi Tanganyika. Root ndiye aliyekuja kuanzisha safari za maputo ya watalii Maasai Mara katika miaka ya 1970. Ukiona leo mtalii anapaa alfajiri juu ya nyumbu, jua kwamba nyuma yake yuko dalali wa hisa wa Paris.

Haya, mama wa Lodwar. Wahenga walisema asiyekujua hakuthamini, na Verne hakutujua. Usikirudishe kitabu bado, wala usiuchane ukurasa ule. Ukiuchana, binti atajifunza kwamba ni siri ya aibu, na aibu ile si yake. Usimlazimishe kuusoma peke yake pia. Keti naye jioni, wadogo zake wakishalala, muusome pamoja kwa sauti, na umuulize maswali: nani anazungumza hapa? Amesimama wapi? Amemuuliza nani? Mwache akasirike. Hasira ya msomaji ni kitu chema, ilimradi asiachwe nayo peke yake. Kisha mweleze kwamba sura ya ndovu bado ni tamu, na ya kiu bado ni kweli, na kwamba mkono ulioandika hizo ndio ulioandika ule ukurasa. Ana miaka 14, anaweza kubeba mambo mawili kwa pamoja. Kwa mwalimu nenda, lakini si kulalamika. Mwombe aweke Bombay na Tippu Tip kwenye rafu hiyo hiyo, kitabu ubavuni mwa kitabu, na aseme neno kabla ya kumwazimisha mtoto mwingine.

Kama shule haina nakala nyingine, kitabu hiki hakina tena haki ya kumilikiwa na mtu, kwa hiyo tafsiri za zamani za Kiingereza, na asili yake ya Kifaransa, hupatikana bure kwenye intaneti. Wanafunzi wa Kifaransa watakiona chepesi kuliko wanavyodhani, maana Verne aliandika sentensi fupi na alipenda kutaja vitu kwa majina yake.

Nina ombi moja kwa wanafunzi wa Lodwar, wa Kakuma, na wa popote gazeti hili linapofika. Andika sura ambayo Verne hakuiandika. Upepo umegeuka, puto limeshuka kando ya mto Turkwel, au kwenye kingo za Tarach karibu na Kakuma. Ni mwaka 1862. Anayeliona kwanza ni msichana anayechunga mbuzi chini ya mkoche. Andika anachokiona yeye, anachowauliza wale watu watatu, na wanachoshindwa kumjibu. Isizidi maneno 500, mwandiko usomeke, na jina la shule lisisahauliwe. Zitume kupitia anwani ya gazeti. Zile nzuri tutazichapisha hapa hapa, na mwenye insha bora atapewa kitabu.